Audax Kaijage na Ndege ya Stoo ya Kibamba

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Kibamba na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono leo Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025, naitwa Gozbert, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na mkiona karatasi inatetemeka mikononi mwangu msidhani ni uchungu wa msiba peke yake, ninaogopa, na ninachokiogopa nitakisema huko mbele, kwa sababu nimekificha miaka kumi na saba na sina tena wa kumficha.

Marehemu Audax Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Kamachumu, wilaya ya sasa ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kaijage na mama yetu Genoveva, ambaye ana miaka sabini na nane na yuko kijijini anatusubiri. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, mtoto mpole, mwenye mikono myepesi kwa kutengeneza redio, ila tulipopanda mparachichi yeye alibaki chini kuokota, hakuweza kwenda juu hata tawi la kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa namcheka zaidi kuliko wote.

Mwaka 1986 alihitimu mafunzo ya ufundi wa majokofu na viyoyozi jijini Mwanza, na mwezi Februari 1990 aliajiriwa na hoteli moja ya Mbezi Beach, akafanya kazi hapo miaka ishirini na tisa, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba viyoyozi vya ghorofa ya nne alivitengeneza vizuri kama vya chini, lakini alipanda ngazi ameshika ukuta kwa mikono miwili. Jumamosi tarehe 27 Desemba 1997 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Bupe, mzaliwa wa Tukuyu, Mungu akawajalia watoto wawili, Asifiwe mwaka 1999 na Brightson mwaka 2003.

Sasa nafika mahali pagumu. Baba yetu alifariki Jumatano tarehe 9 Julai 2008, tukakata tiketi za ndege za Ijumaa, mimi na kaka, na kwa desturi ya nyumbani kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini, wengine wote wanamsubiri yeye. Tulifika uwanjani pamoja, tukatembea mpaka kwenye ngazi ya ndege, kaka akaweka mguu mmoja, akasimama, jasho likamtoka mpaka kola ikalowa, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hawezi, akageuka. Kesho yake alfajiri akapanda basi, na Jumapili jioni alipofika Kamachumu baba alikuwa ameshazikwa tangu jana yake, udongo wa kwanza nimeutupa mimi, na mbele ya ukoo mzima nikamwambia kwamba ndege si kitu, ni kama kukaa sebuleni, na kwamba mwanaume mzima anaogopaje kiti. Watu walicheka, yeye akainamisha kichwa, na mama peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Tangu siku ile marehemu alikuwa na hofu moja tu iliyomnyima raha, kwamba mama naye ataitwa, na atamkosa vilevile. Ndipo mwezi Mei 2015 alipoanza kujenga kile ambacho majirani mmekuwa mnakisema sana, chumba cha rubani cha kujizoezea kuruka, ndani ya stoo nyuma ya nyumba yake, kwa msumeno, drili, chuma cha kulehemu na plaiwudi. Kiti alikitoa kwenye gari bovu aina ya Noah, usukani aliuunda kwa mabomba ya maji, swichi alizing'oa kwenye viyoyozi vilivyokufa, akapanga runinga tatu za zamani zionyeshe mawingu, na kompyuta ikawa inamrusha kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kisha Bukoba, akiwa hajatoka Kibamba. Alipoona kimya kimezidi na hofu haiji, akafunga kompresa ya friji chini ya kiti ili chumba kitetemeke, na siku ya kwanza alipoiwasha alitoka mbio, akaenda kutapika kwenye mtaro, ametishwa na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee Kondo, fundi wa kuchomelea mageti, aliposikia mngurumo na kuona taa nyekundu na za kijani dirishani, alikwenda kwa mjumbe kueleza kwamba yule Mhaya amepata ungo wa kisasa, wakaja watu watatu kukagua, na marehemu bila kukasirika akawakalisha mmoja mmoja. Mzee Kondo alitoka humo amelowa jasho, akamuuliza, braza Audax, sasa hiki kitu kinashukaje, na kesho yake akaja na mashine yake, akamchomelea fremu ya kiti bure.

Mwezi Novemba 2022, baada ya ile ajali ya ndege ziwani pale Bukoba ambayo kila mmoja hapa anaikumbuka, alikifunika chumba kwa turubai miezi minne, nami nikashukuru moyoni, lakini alirudi. Kila safari aliiandika kwenye daftari, na shemeji amenipa nilisome, ukurasa kwa ukurasa ni maneno yaleyale, nimefumba macho wakati wa kutua, nimefumba macho, mpaka tarehe 10 Agosti mwaka huu alipoandika kwamba ametua Bukoba macho wazi. Kesho yake alikata tiketi ya tarehe 6 Septemba kwenda kumwona mama, akampigia simu, na mama akaanza kuwaambia majirani kwamba Audax anakuja kwa ndege.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2023, akatibiwa na kuendelea vizuri, hadi Jumatatu tarehe 18 Agosti alipoanguka nyumbani, akakimbizwa hospitali, na Jumanne tarehe 19 saa nne asubuhi akaiaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Shemeji Bupe amekataa katakata mumewe kurudishwa nyumbani kwa gari, amesema safari hii ameihangaikia miaka kumi, apewe. Wengine wote mnaondoka leo kwa basi, nafasi iliyopatikana kwenye ndege ya kesho asubuhi ni ya jeneza na ndugu mmoja, kwani kwetu marehemu hasafiri peke yake, na ndugu huyo ni mimi. Basi nisikilizeni, mwaka ule wa 2008 nilisafiri nimejifunika koti usoni, nikalia kama mtoto kutoka hapa mpaka Bukoba, na tangu hapo sijapanda tena, kila Krismasi nilikuwa napanda basi la alfajiri na kumdanganya kaka kwamba nimeruka. Kama ningemwambia ukweli siku ile, asingejifungia stoo peke yake miaka yote hiyo, tungekaa wawili. Juzi na jana nimeingia kwenye chumba chake, nimewasha kompresa, na mara zote mbili nimekimbia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kaka usiku na mchana, majirani wa Kibamba mliolala nasi hapa matangani, Mzee Kondo aliyechomelea msalaba, wafanyakazi wenzake wa Mbezi Beach, na Padri kwa ibada hii.

Kaka, kesho ukifika Bukoba mama atakuwa uwanjani, amegoma kusubiri nyumbani, na hatapokea jeneza lililokuja peke yake. Ngazi ile nitaipanda nikiwa natetemeka, daftari lako nitalishika mkononi, na wakati wa kutua nitafanya ulichoandika tarehe 10 Agosti. Pumzika kwa amani, hofu ya kesho niachie mimi.