Mstari Uliovimba Tumbo Chaka

Hebu piga picha benchi la mbao nje ya kibanda cha kinyozi, soko la Chaka, saa nne asubuhi. Vumbi limefika hadi kwenye vikombe vya kahawa. Watiri amesimama na ramani aliyopewa kwenye kituo cha mbegu. Kila mstari wake unaunganisha mahali palipopata mvua sawa. Walio upande mkavu wa mstari wa milimita mia sita hupewa mbegu za msaada. Wa upande wa pili hurudi mikono mitupu. Mstari huo unakuja umenyooka, lakini ukifika Chaka unavimba tumbo na kulitia shamba la Watiri upande wa mvua.

— Maharagwe yangu ilikauka ikiwa na maua, alisema Watiri. Ati mimi niko kwa mvua. Mvua gani?

— Huo ni wizi, alisema Waweru, tunayemwita Wakili ingawa kortini alifika mara moja, shahidi wa kesi ya ng'ombe. Haba na haba hujaza kibaba. Wanatuibia ukame wetu milimita moja moja.

— Mchoraji aliweka kikombe juu ya ramani, alisema Ogutu, polisi mstaafu. Kikaacha alama, akaogopa kufuta.

Moffat, kinyozi mwenyewe, alipiga benchi kwa kiganja. Yeye ndiye alikuwa na hasira kuliko wote.

— Hamjui hawa watu. Mvua inaandikwa Chaka, inanyeshea majani chai ya Kangema.

Khavere, mwalimu mgeni aliyekuwa akingoja kahawa yake, aliinama juu ya ramani.

— Mchoraji huletewa namba tu, alisema, halafu anapitisha mstari kati ya namba na namba. Hapa Chaka naona namba moja pekee. Ni nani hupima mvua hapa?

Waweru akageuka kumtazama kinyozi. Moffat akaweka kikombe chini.

— Ni mimi. Kipimo ya mvua iko kwangu.

— Umeiweka wapi, mzee? aliuliza Khavere.

— Kando ya nyumba, chini ya mabati. Mbuzi zilikuwa zinaiangusha.

— Kwa hivyo maji ya paa nzima inaingia humo, alisema Ogutu. Alianza kucheka, akaona uso wa Watiri, akaacha.

Watiri aliikunja ramani polepole, akaitia mkononi mwa Moffat.

— Utarudisha hii wewe, leo, na uwaambie mwenyewe. Halafu hiyo kipimo uipeleke mahali wazi. Na ukumbuke kitu moja tu, Moffat, tafadhali: mabati yako si mawingu.