Kiti Nyuma ya Kabati

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, walezi, na nyinyi mabibi na mababu mliowahi mkapata viti vya mbele: nawasalimu wote kwa heshima. Nimetakiwa niseme, kwa niaba ya walimu wa chekechea, namna tunavyomlea kila mtoto kwa kadiri yake. Lakini tangu wiki iliyopita kuna sauti moja haijanitoka masikioni, nami siwezi kuanzia pengine. Ni sauti ya kiti cha plastiki kikiburutwa sakafuni.

Aliyekiburuta ni binti wa miaka mitano ambaye wenzake humwita Bi Mkubwa, kwa sababu hana mbio. Wageni walibisha hodi darasani bila taarifa. Kabla sijasema "karibuni", yeye alikuwa keshasimama, anakivuta kiti chake kwenda nyuma ya kabati la midoli. Hakuna aliyemwambia. Mgeni mmoja akasema, "Huyu ana nidhamu kweli!" Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnajua tunavyofundisha. Mwalimu anainua kofia, anauliza, "Rangi gani hii?" Darasa zima linaitika, "Nyekunduuu!" Inapendeza, wageni wanapiga makofi. Ila Bi Mkubwa hujibu sisi tumeshafika kwenye ndizi. Wenzake wakisema njano, yeye ndiyo kwanza anasema nyekundu, na watu huangua kicheko. Basi kila tulipotarajia wageni nilimpa udongo wa kufinyanga, nikamweka nyuma ya kabati. "Wewe mama nina kazi yako maalumu," nilimwambia. Nikajidai namkinga na kicheko. Ndugu zangu, nilikuwa nayakinga makofi yangu.

Bibi yake alijaribu kuniamsha. Siku moja alinishika mkono langoni.

"Mwalimu, mmemfunza nini huyu mke mwenzangu? Mtu akipiga hodi tu, huyoo, uvunguni! Juzi kaja fundi bomba, mtoto tumemtafuta kama sindano."

"Ana haya tu, bibi."

"Haya? Huyu? Huyu aliyewatangazia shemeji zangu kwamba nakoroma?"

Nikacheka, nikafunga lango.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumeyaandika maneno hayo kwenye ukuta wa darasa, kwa rangi zote tulizokuwa nazo, na tunayasoma kama sifa. Je, mmewahi kuyasoma kama mashtaka?

Wageni walipoondoka siku ile, niliketi sakafuni mbele yake, nikainua kofia ileile, nikamwuliza. Kisha nikangoja. Sikumsaidia kwa "nye... nye..." kama tulivyozoea. Kungoja ni kazi ngumu kwa mwalimu. Mikono yangu ilitafuta cha kufanya. Aliichukua kofia, akaigeuza taratibu, akapitisha kidole ukingoni.

"Nyekundu," akasema. "Lakini hapa jua limeila."

Sisimulii haya ili mseme mtoto ana kipaji. Hata angesema "nyekundu" akanyamaza, ilikuwa haki yake kungojewa. Yuko mwenzake anayehesabu vizuri akiwa anaruka tu. Ukimkalisha, namba zinamkimbia. Yuko mwingine ambaye penseli humtoka vidoleni, ila mkasi anautawala kama fundi cherehani. Nawajua wote, na hiyo ndiyo aibu yangu: kwamba nilijua. Sikupungukiwa na elimu. Somo la makuzi ya mtoto nililifaulu vizuri sana chuoni. Nilipungukiwa na ujasiri wa kuonekana na darasa lisiloitika kwa pamoja. Nanyi wazazi, nisameheni, mnapouliza "wangu amekuwa wa ngapi?" kabla ya kuuliza "wangu anapenda nini?", mnaipalilia hofu hiyo ndani yetu.

Bibi yule nimeshamwomba radhi. Aliniambia, "Usiniombe mimi, mimi sijifichi." Kwa hiyo nilimwomba mjukuu wake, kwa maneno mepesi, naye akaniuliza kama bado anaruhusiwa kuchezea udongo. Nikamwambia ndiyo, popote apendapo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwenye ratiba uliyopewa, baada yangu kuna ngonjera ya watoto wote. Haipo. Jana nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamwomba tuiondoe. Alinuna, akasema, "Utatuaibisha mbele ya wageni." Nikamjibu kwamba aibu tunayo tayari, tumeificha tu. Akafungua droo ya meza yake, akanipa ufunguo wa darasa.

Watoto wamo humo sasa hivi, kila mmoja na kazi aliyoichagua mwenyewe, na hakuna aliyefanyishwa mazoezi. Mtaingia wachache wachache, mtamwuliza mtoto wenu swali moja, kisha mtanyamaza. Nimeshawaahidi watoto kwamba wageni wa leo hawana haraka.

Asanteni kwa masikio yenu. Karibuni ndani.