Kipande Nilichotumwa na Dada Birago

Waheshimiwa machifu, wazee wa ukoo, walimu wa chuo na majirani, mimi ni Kwabena Amponsem, mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, na ninasimama hapa kwa sababu mwenyewe aliagiza nisome mimi, wala si mtu mwingine.

Profesa Akua Birago Amponsem alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mjini Juaben, mtoto wa kwanza wa Mzee Amponsem, mkulima wa kakao, na Mama Dufie, aliyefariki mwaka 1969 kwa uvimbe wa titi alioufunika kwa kanga hadi ukatoa harufu. Alisoma sekondari Cape Coast, udaktari Legon hadi mwaka 1978, kisha Uskoti, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985, akarudi Kumasi na masanduku mawili ya vitabu bila hata friji ya kutuletea, jambo ambalo shangazi zetu walimsimanga nalo miaka kumi.

Tarehe 20 Desemba 1986 aliolewa na Bwana Kwasi Adomako, mhandisi wa barabara, wakajaliwa watoto wawili, Ntim na Abrafi.

Kwa miaka thelathini alichunguza uvimbe unaolishwa na homoni za mwili, ule unaoweza kunyimwa chakula kwa kidonge kimoja kwa siku. Ilisemwa kwamba wanawake wetu wengi hawana aina hiyo, yeye akaonyesha kuwa vipande vya uvimbe walivyokatwa vilikaa mno kwenye joto kabla ya kupimwa, alama za homoni zikafa, na kipimo kikasema uongo. Kwa hilo alitunukiwa tuzo mwaka 2009, na wasaidizi wake wakambatiza jina la Saa Moja, maana kipande kilichochukua zaidi ya hapo kufika maabara alikikataa.

Februari 2017 aligundua uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Jumamosi tarehe 18 daktari rafiki yake alimkata kipande hapa Juaben, nikakabidhiwa mimi kwenye chombo cha barafu, nikifikishe Kumasi bila kusimama. Pale Ejisu, njiani, kulikuwa na msiba wa mjomba wetu, na watu walikwishaliona gari langu, sasa nani kati yenu angepita? Nilishuka, nikapeana mikono kuanzia kulia hadi viti vikaisha, nikakaa, nikaletewa maji, nikaulizwa habari za safari, kisha wafiwa nao wakazunguka kunisalimu, na nilipoinuka saa tatu zilikuwa zimepita, barafu imekuwa maji.

Kipimo kilisema hakuna alama za homoni. Dada aliniita, akaniuliza kwa upole, "Kwabena, ulipita mahali popote?"

Nikamjibu, "Hapana dada, nilikwenda moja kwa moja."

Aliniamini. Alitibiwa kwa dawa kali zilizomwondolea nywele na kucha, na kidonge alichokisomea maisha yake yote hakupewa, hadi Aprili 2018, saratani ikiwa imeshafika kwenye ini, walipopima kipande kipya wakakuta alama za homoni tele. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikakiri, naye akasema, "Nimekusamehe, mdogo wangu. Lakini utayasema haya kwenye mazishi yangu, maana ndiko watu wanakojaa."

Vidonge alivianza, havikufua dafu. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Novemba 2018, saa nane mchana, nikiwa nimemshika mguu, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wa maabara, ambao hadi leo asubuhi hawakujua kilichotokea njiani.

Pumzika kwa amani, dada Birago. Na kama yupo hapa aliyetumwa hospitali, akaona aingie kwanza kutupa pole, ainuke sasa hivi aende, hatutamwita mkosa adabu.