Hajji Kafiluddin Sarkar wa Tantibazar na Mwaka Uliochelewa Siku Moja

Marehemu Hajji Kafiluddin Sarkar alizaliwa tarehe 20 Novemba 1936 katika kijiji cha Kumarbhog, Bikrampur, mtoto wa kwanza wa mzee Jonab Ali Sarkar, mchuuzi wa magunia, na bibi Amirunnesa. Nyumba aliyozaliwa haipo tena. Mto Padma uliimeza pamoja na kiwanja chake.

Alisoma madrasa ya kijijini, kisha shule ya msingi hadi darasa la tano. Mwaka 1948 ada ilikosekana, akatoka. Kusoma kwingine alijisomea mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia chumvi, na hesabu alizitoa kichwani mpaka uzeeni. Siku hizi umeme ukikatika, muuza duka hajui saba mara nane.

Mwaka 1952 aliingia Dhaka na kuajiriwa kukunja vitambaa katika duka moja la Islampur. Tarehe 2 Machi 1963 alifungua duka lake la sari za wanawake na lungi, shuka za wanaume, katika uchochoro wa Tantibazar, ukuta mmoja na sonara Nitaichand Karmakar, Mhindu aliyemzidi miaka mitano. Mwaka huo huo wakaweka desturi yao. Asubuhi ya siku ya kwanza ya Boishakh, mwezi unaofungua mwaka wetu, kabla mteja hajakanyaga kizingiti, sonara alinunua lungi moja kwa Kafiluddin, na Kafiluddin akanunua kipini cha pua kwa sonara, bila kupatana bei. Hapo ndipo kila mmoja alipofungua daftari jipya la jalada jekundu na kuandika mauzo ya kwanza ya mwaka, jina la jirani yake likiwa juu ya majina yote. Kisha ndipo wageni walipokaribishwa kula. Ni mwaka wa vita tu, 1971, ambao hawakuandikiana.

Alifunga ndoa na Bi Sakhina Khatun wa Lohajang tarehe 11 Desemba 1964. Vipini vyote vilimfikia yeye. Mwaka mmoja, vilipozidi kumi, alimwambia mumewe mbele ya wageni, "Baba Monowara, mimi pua ninayo moja tu. Mwambie kaka Nitai atuuzie bangili."

Sonara akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Shemeji, bangili huyu hanunui bila kupatana! Tutafungua mwaka wakati wa magharibi!"

Wageni walicheka mpaka wakapaliwa na jalebi. Ndivyo mwaka mpya ulivyokuwa, watu wakikaa dukani kwa jirani yao. Sasa unaingia kwa ujumbe wa simu.

Mwaka 1988 tarehe zikaachana. Serikali ilikuwa imepanga upya kalenda, na mwaka mpya ukawekwa tarehe 14 Aprili. Kalenda ya kale, wanayoifuata Wahindu kwa ibada zao, ilisema ni tarehe 15. Alhamisi ile ya tarehe 14 Kafiluddin aliweka daftari jipya mbele yake, duka limejaa wageni, akamngoja jirani. Saa nne akatoka mlangoni.

"Kaka Nitai, ingia basi! Jalebi zinapoa."

"Mwaka wangu haujafika, Kafil. Kwangu leo bado ni jana. Njoo kesho tufungue."

"Serikali imesema ni leo."

"Serikali haijawahi kununua hata pete kwangu."

Watu wakacheka, na safari hii aliyechekwa alikuwa Kafiluddin. Alikuwa ameona haya mbele ya wateja wake. Akasema kwa sauti ya kusikika uchochoro mzima, "Kama mwaka wako uko Kolkata, basi ufuate huko huko!"

Kila Mhindu wa Tantibazar alikuwa ameshaambiwa neno hilo, kwamba kwao ni India, na mtu fulani, lakini si na jirani wa ukuta mmoja. Dukani walicheka tena, na mdogo wa marehemu, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyecheka zaidi. Nitaichand aliingia ndani, akaendelea kupima dhahabu.

Kesho yake Kafiluddin hakwenda. Mwaka uliofuata alivaa kanzu, akafika kizingitini kwa sonara, akaona mna wageni, akarudi. Mwaka wa tatu alisema ana homa. Salamu zilikuwepo kila siku, hali na watoto waliulizana, lakini neno lile hakuna aliyeligusa. Mwezi Februari 1991 sonara aliuza duka lake kwa muuza plastiki, akahamia India na familia yake. Pengine aliwafuata wanawe waliotangulia. Marehemu hakuliamini hilo hata siku moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu mwaka huo Kafiluddin alifungua daftari lake tarehe 15 Aprili, peke yake kati ya Waislamu wote wa uchochoro. Hata aliporudi Hija mwaka 1996 hakubadili. Walimtania: "Hajji, wewe siku hizi unafuata kalenda ya nani?" Alijibu, "Nilichelewa siku moja," akaendelea kuandika.

Kisukari kilimshika mwaka 2003 na figo zikamwishia mwaka 2012. Akiwa kitandani alimwandikisha binti yake Monowara barua tatu kwa Nitaichand, lakini anwani sahihi haikupatikana, nazo zikarudi. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2014, akiwa na miaka sabini na saba, na anazikwa leo Jumanne katika makaburi ya Azimpur.

Ameacha mjane, Bi Sakhina; binti, Monowara; mwana, Anwarul, anayeliendesha duka kwa kompyuta; wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Kabla ya sala mtaulizwa, kama ilivyo ada, iwapo mnamsamehe aliyowakosea, nanyi mtajibu kwamba mmemsamehe. Familia inawashukuru. Lakini mtu ambaye marehemu alimkosea hayupo katika safu zenu. Kwa hiyo mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka tunamwomba amtafute Nitaichand Karmakar, au watoto wake, amfikishie maneno haya: Kafiluddin alijua kuwa amekosa tangu siku ile ile, na miaka mitatu mlango ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwake.

Mola amrehemu, ampe mapumziko ambayo hakuyapata hapa kwetu.