Sjur Anauza Nyumba

GUNNVOR: Haloo? Nani mwenzangu? Niko kwenye basi!

SJUR: Mimi, dada. Mdogo wako Sjur. Hujambo?

GUNNVOR: Sijambo. Sema upesi, njia hii ya fiodi, maji katikati ya milima, ni mahandaki matupu, simu itakatika.

SJUR: Nauza nyumba. Dalali yuko sebuleni na mkataba. Narudi Ubelgiji.

GUNNVOR: Una wazimu? Umestaafu mbio za baiskeli juzi tu, umerudi kwenu—

SJUR: Kwetu hakuna anayenijua! Ubelgiji muuza chipsi alinikumbatia mpaka nikanuka mafuta. Hapa mwaka wa pili, hata—

GUNNVOR: Lakini Sjur—

SJUR: Leo nimekwenda kujiandikisha mbio za hisani za kijiji. Bibi Solbjørg wa duka la samaki ananikazia macho: "Jina lako nani?" Mimi! Niliyevuka mstari kule Ufaransa nimebeba baiskeli begani, damu mpaka kwenye soksi! Eti ananiuliza kama nimewahi kupanda mlima!

GUNNVOR: (anacheka) Solbjørg kaweza kweli!

SJUR: Unacheka?

GUNNVOR: Ulipohamia tulifanya mkutano, bwana. Kijiji kizima kilikubaliana kwamba—

(mkwaruzo, kisha kimya)

SJUR: Kwamba nini? Dada? Gunnvor!

GUNNVOR: —handaki hilo. Upo?

SJUR: Kwamba nini?!

GUNNVOR: Kwamba usisumbuliwe! Mtu kaandamwa na kamera miaka yote, apumzike. Ukitoka dukani, Solbjørg anajifungia stoo analia kwa furaha. Jirani yako mzee Oddbjørn kampa beberu wake jina lako.

SJUR: Oddbjørn? Kila nikipita anainamia viatu vyake!

GUNNVOR: Asipoinama atapiga mayowe. Tangu lini sisi tukampenda mtu tukamsumbua?

SJUR: Basi waambie wanisumbue!

GUNNVOR: Waambie mwenyewe.

SJUR: Nisemeje? "Jamani, mimi ni maarufu"? Si nitakufa kwa aibu!

GUNNVOR: Basi tia saini, nenda kale chipsi.

(kiti kinasukumwa)

SJUR: Subiri. Nafungua dirisha... Mzee Oddbjørn! Wee mzee! Unanijua mimi?

GUNNVOR: Anasemaje?

SJUR: Kaangusha ndoo ya rangi. Dada... analia. Anataja milima niliyopanda, anaitaja yote, kwa sauti—

GUNNVOR: Mungu wangu, Oddbjørn?

SJUR: Milango inafunguka! Wanakuja na baiskeli zao! Solbjørg anakimbia na aproni!

GUNNVOR: Na dalali je? Mkataba?

SJUR: Kaugeuza. Anataka saini yangu nyuma yake, niandike "Kwa mama mkwe."

GUNNVOR: Nyuma tu, Sjur! Mbele usiguse! Naingia handa—

SJUR: Mbele keshapafuta kwa mistari mwenyewe! Kwaheri, dada, Solbjørg ananivuta shati!