Jani la Isale Juu ya Kifurushi

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena, maana kule nyuma naona bado mnatafuta viti. Mimi ni Mama Deo wa hapahapa Kibosho, yule mliyezoea kumwona akisinzia kwenye rozari. Leo nawaambia kwa nini nilisinzia, na jinsi Mungu alivyoifungua nyumba yetu.

Ndugu zangu, nilikuwa karani wa duka la vipuri mjini Moshi, Jumatatu hadi Jumamosi. Mama mkwe wangu alikuwa kitandani, na mshahara haukutosha dawa. Lakini kilichomuumiza zaidi hakikuwa na dawa. Wanawe wawili, mume wangu na kaka yake Aloyce aishiye Dar, waligombania kihamba, shamba la ukoo, baada ya kumzika baba yao, wakaacha kusemezana. Krismasi watu wote wanarudi nyumbani huku mlimani na familia zao, Aloyce haji. Kila gari likipita mama anauliza, "Ni Aloyce?" Tukijibu hapana, anageukia ukutani. Wazee walishauri mmoja ampelekee mwenzake isale, yaishe. Mnajua desturi yetu: ukiletewa jani hilo kuombwa msamaha, hukatai. Basi kila mmoja akasema aanze mwenzake!

Mimi nikahangaikia dawa. Siku hizo intaneti ndiyo kwanza inaingia mjini. Saa ya chakula wenzangu wakienda kula, mimi nakimbilia kafe ya intaneti. Binti wa pale alinitengenezea ukurasa wenye picha: kahawa yetu iliyokaangwa, unga wa ndizi, kimea cha ulezi cha kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi. Mtu wa mbali ananiandikia barua pepe, namtumia mzigo kwa basi. Mlinicheka! Mkasema Mama Deo anauzia majini. Na kwa muda mrefu hata hao majini hawakununua. Nikirudi nyumbani usiku nakaanga kahawa, nikipiga magoti kusali usingizi unanichukua hapohapo. Bosi alinikuta nimelalia risiti, akanionya. Mume wangu naye akachoshwa na moshi. "Krismasi ikipita, uache," akasema. "Unauzia watu ambao hata sura zao huzijui!" Nililia, ndugu zangu. Nikamwambia Mungu, kama si wewe uliyenianzishia jambo hili, niondolee hamu yake.

Krismasi ilipokaribia, oda zikaja! Watu wetu wa mbali wamekumbuka nyumbani. Nikafunga mizigo mpaka kamba ikaniishia. Nikaenda mpakani mwa shamba, nikakata masale, nikafungia vifurushi vilivyobaki, fundo zuri juu. Nikaona watafurahi kuona kitu cha kwao. Mama mkwe alipoviona akacheka, na kucheka alikuwa ameshakusahau.

"Umewakosea nini watu wote hao hata uwaombe msamaha?"

"Nimewachelewesha, mama," nikamjibu, nikapeleka mizigo stendi.

Mkesha wa Krismasi, mchana, gari likasimama nje. Mama akauliza swali lake. Ndugu zangu, nikachungulia mlangoni! Aloyce alikuwa anashuka na mkewe, na mkononi ameshika jani langu, limenyauka, fundo likiwa bado lipo. Mkewe aliagiza kahawa akiwa kazini kwake, kwa jina lake la usichana, bila kujua muuzaji ni nani. Mzigo ulipofika, Aloyce akasoma jina la mtumaji, akakuta ni la ukoo wetu, akaona na isale juu yake. Akaamini mdogo wake ameomba msamaha.

"Nimelipokea," akamwambia mume wangu. "Nimekuja."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama chini. Angeweza kusema palepale kwamba hakutuma kitu, ni mke wake tu aliyeishiwa kamba! Akageuka, akatoka nje. Nikasema moyoni, Bwana, imekwisha.

Kumbe ameenda mpakani. Alirudi na jani bichi, akalifunga fundo mbele yetu, akalitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka. Hilo ulilopata alilituma Mungu. Hili ni langu mimi."

Haleluya! Walikumbatiana, wanaume wazima wakalia kama watoto. Kisha Aloyce akaenda kupiga magoti kitandani. "Shikamoo, mama." Mama akampapasa uso muda mrefu. "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mpeni mtori."

Mama alitutoka baada ya Pasaka, wanawe wote wawili wamemshika mikono. Hakuwa amegeukia ukutani. Mimi bado niko dukani, na biashara inaendelea, maana sasa anayekaanga kahawa ni Baba Deo mwenyewe. Ila masale ameyakataza kwenye vifurushi. Anasema lile moja lilitosha.

Asante Yesu! Nilikuomba dawa, ukamletea mama mwanawe. Na wewe ndugu yangu unayengoja mwenzako aanze, mtumaini Mungu huyu, lakini usingoje akuletee kwa basi. Isale limeota mpakani mwa shamba lako. Ukitoka hapa leo, kabla hujaingia ndani, pitia mpakani.