Valvu ya Mama Tabby

Bwana Chifu, Mchungaji Kaimenyi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maji, mgeni wetu Tabby uliyetoka Doha kwa likizo, na nyinyi wakulima wenzangu wa Mikinduri: nawasalimu kwa ngazi zenu zote, hata mliosimama kwa kukosa viti.

Mimi Kailemia, fundi wenu, nimefungua valvu za mashamba kwa mkono miaka ishirini na miwili, na leo nimealikwa kuisifu apu ya simu inayozifungua bila mimi. Nitaisifu kwa moyo wote. Ni nani kati yetu ambaye hakuachwa kinywa wazi siku ile Tabby, akiwa kazini ng'ambo, alipogusa simu kwa kidole na maji yakarukia viazi vya mama yake? Mimi nilivua kofia. Hata mbwa aliketi.

Gharama mnazijua: kifaa chenyewe kinachofungwa kwenye bomba na kutii simu, ada ya kila mwezi, data, na ile tabia ya apu kukataa simu yoyote iliyozeeka kidogo. Lakini kifaa cha Mama Tabby kimekuwa kikiharibika kila Jumapili, na kamati imesema kikiendelea hivyo, mashamba mengine arobaini hayatawekewa. Kwa hivyo sina budi kusema.

Kila Jumapili apu ilimwambia Tabby kwamba maji hayapiti. Alimpigia mama yake, kisha akanituma mimi. Nilipanda na spana, nikakuta ile valvu ya kawaida, iliyo kwenye bomba kabla ya maji kufika kwenye kifaa, imefungwa kwa mkono, imekazwa ndi! Jumapili ya tano niliwahi. Nikamkuta Mama Tabby, bado na nguo za kanisa, akiikaza.

Nilimuuliza sababu.

"Zamani alikuwa akinipigia kila jioni kuniuliza kama viazi vimepata maji," akasema. "Siku hizi anaiuliza simu. Ikishindwa kumjibu, ndipo ananikumbuka."

"Na mimi unanipandisha mlima bure?"

"Wewe unapewa chai, Kailemia. Kunywa unyamaze."

Nikanywa. Miezi minane nimeandika kwenye ripoti kwamba kifaa kinachunguzwa. Mama Tabby, nisamehe. Chai ilikuwa tamu, lakini mashamba arobaini yanangoja.

Bwana Chifu, kifaa ni kizima. Mtu aliye Doha anayaona maji ya Mikinduri, jambo ambalo linanishangaza kila ninapolitaja. Tabby, kitu pekee ambacho apu yako haiwezi kukuonyesha ni mama aliyeketi kando ya valvu, akingoja simu ilie. Hilo halihitaji fundi.

Asanteni kwa masikio yenu. Jumapili ijayo naomba nisiitwe.